Orodha Ikizidi Karatasi

Kitabu cha ankara katika duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wangu, Kariakoo, kilikuwa na mistari 20 kila ukurasa. Mafundi hawakuwa na habari na hesabu hiyo. Mmoja alikuja kuchukua bawaba na kitasa, mwingine alikunjua kikaratasi chenye nondo, saruji, misumari ya inchi tatu na ya inchi nne, mabomba, rangi na vikorokoro vingine hadi upande wa pili. Ankara ikiwa fupi, mjomba alipiga mstari wa mshazari kwenye nafasi iliyobaki, mtu asije akachomeka kitu baadaye. Ikiwa ndefu, aliandika "inaendelea" chini, akahamishia jumla juu ya karatasi ya pili, kisha akazibana kwa pini.

"Mjomba, si tuchapishe kitabu chenye mistari mingi zaidi?" nilimuuliza.

"Ukiweka hamsini, kesho atakuja wa sitini," alinijibu, kalamu ikiwa bado inakandamiza kaboni.

Mwaka 2010 Tanzania ilianza kutumia mashine za kielektroniki za kutoa risiti (EFD) kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kulipa VAT, na mimi nikaanza kuzizoea risiti za roli. Roli haina mwisho wa ukurasa: vitu viwe vitatu au sabini, karatasi inazidi kutoka tu. Tabu ikahamia kwenye upana. Karatasi ya milimita 58 hubeba herufi kama 32 kwa mstari kwa maandishi ya kawaida, kwa hiyo majina ya bidhaa yalikatwa hadi mwenye nyumba asijue kama alinunuliwa bomba au kiungio chake. Juu ya hayo, maandishi ya karatasi hizo hufifia kwa joto na mwanga. Waliohitaji hati ya kupeleka benki au ofisini waliendelea kudai karatasi ya A4.

Nilipoingia kwenye uprogramu, Android 4.4 ya mwaka 2013 ilikuwa imekuja na uwezo wa kutengeneza PDF ndani ya simu yenyewe. Nilidhani nitaikabidhi orodha, nayo itanirudishia jedwali. Kumbe unachopewa ni ukurasa mtupu, pointi 595 kwa 842 ukiwa wa A4, na kila pointi ni sehemu moja ya 72 ya inchi. Kazi iliyobaki ni yako. Unaanzia juu, unachora kitu cha kwanza, unashuka pointi 20, unachora cha pili. Jina likiwa refu likavunjika mara mbili, mstari huo unahitaji nafasi kubwa zaidi, nawe huna budi kuupima kabla ya kuuchora. Nafasi isipotosha, unafunga ukurasa, unafungua mwingine, unachora upya vichwa vya "Bidhaa", "Idadi", "Bei" na "Jumla".

Sababu iko kwenye asili ya PDF. Adobe waliitoa mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vilevile kila unakofunguliwa. Inajua herufi imekaa wapi. Kwamba herufi hizo ni mstari wa jedwali, si lazima ijue. Hata maneno "Ukurasa 1 kati ya 3" yana kazi yake, kwa kuwa hiyo 3 haijulikani mpaka orodha yote ipimwe. Tuliipitia mara mbili: kwanza kupima, kisha kuchora.

Baadaye wengi wetu tuliacha kuhesabu pointi. Tunaandika kiolezo cha HTML chenye mstari mmoja wa mfano, programu inaurudia kwa kila kitu kilichomo kwenye orodha, na injini ya kivinjari iliyomo kwenye simu inagawa kurasa. Wanaounda programu kwa zana ya Flutter nao wana vifurushi vya PDF vinavyokata kurasa vyenyewe. Bado inabidi uagize mstari usikatwe katikati, na "Jumla Kuu" isiachwe peke yake kwenye ukurasa wa mwisho.

Lakini kilichobadilika zaidi si urahisi huo. Kwenye kitabu cha kaboni, orodha na karatasi vilizaliwa pamoja: ukishaandika, umbo limeshaamuliwa. Sasa orodha inahifadhiwa peke yake, na umbo linachaguliwa mwishoni. Binamu yangu, ambaye ndiye anayeendesha duka siku hizi, hutoa nakala nyembamba kwenye printa ndogo ya Bluetooth kwa ajili ya dereva, na A4 ya PDF anamtumia mwenye nyumba kwa WhatsApp. Fundi akipiga simu, "Bosi, niongezee mifuko miwili ya saruji," anabadilisha idadi mara moja tu, na hati zote mbili zinatoka upya zikiwa na jumla ileile. Ugomvi wa nakala zisizolingana, uliokuwa ukitupotezea mchana mzima, hauna tena pa kuanzia.