Boksi la Maswali

Lilikuwa boksi la viatu vya Bata, limetobolewa tundu juu kwa kisu. Kila likizo ya Agosti, katika kambi ya vijana ya kanisa letu pale Waithaka, lilipitishwa benchi kwa benchi: andika swali lolote, jina usiandike. Kisha mama mchungaji alizikunjua karatasi mbele yetu, akizipitia kimya kimya kwanza. Za maombi na mitihani alizisoma kwa sauti. Nyingine alizikunja tena, akazitia mkobani, mkoba ukafungwa ta!

Mwaka karatasi yangu ilipoingia mkobani nilikuwa kidato cha pili. Nilikuwa nimeandika: “Nampenda mtu. Je, nimetenda dhambi?” Basi. Mama akainua macho, akauliza ni nani kati yetu ameshaanza mambo haya. Alihubiri uasherati mpaka chai ikapoa.

Sasa naishi Utrecht. Uholanzi imezilazimisha shule kufundisha habari za ujinsia tangu 2012, na shule nyingi za msingi hutenga wiki nzima kila majira ya kuchipua. Binti yangu alipofika miaka 11, nilikwenda kwenye mkutano wa wazazi nimekunja uso, Mkenya kamili. Mwalimu akatuonyesha boksi. La viatu pia! Ila lake halikuwa na mkoba pembeni: kila karatasi ilijibiwa, ya kuchekesha na ya kutia hofu, kwa sauti ile ile ya somo la hesabu. Si kwamba Waholanzi wote wanalipenda jambo hili. Mwaka 2023 wiki hiyo ilizua kelele kubwa, na makundi ya Kikristo ya kihafidhina yalikuwa mstari wa mbele.

Kwetu swali huchukuliwa kuwa ungamo. Ukiuliza, umeshafanya. Kijana mwenye akili hujifunza upesi kunyamaza, na mzazi huuona ukimya ule akauita usafi.

Tena tunadai kunyamaza huko ndiyo mila. Mila ya nani? Thogoto, misheni ya Waskoti, haiko mbali na Waithaka. Jomo Kenyatta alisoma pale, na katika kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya, alieleza ngweko: vijana wa Kikuyu waliokwisha kutahiriwa waliruhusiwa kulala pamoja kwa masharti makali, bila kufikia tendo lenyewe, na aliyevunja masharti aliadhibiwa. Wamisheni waliliona jambo hilo kuwa uchafu. Sitamani lirudi, maana liliandamana na kukeketwa kwa wasichana. Lakini wazee wale walijua kijana ana mwili, wakaketi naye wakamfundisha. Sisi tulipokea katazo, somo tukalitupa. Hata kulichoma tulilichoma: mwaka 1996 Kadinali Maurice Otunga aliongoza uchomaji wa kondomu na vijitabu vya mafunzo pale Uhuru Park, katikati ya Nairobi.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta kwamba wasichana 15 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini Kenya walikuwa wameshapata mimba. Wengi wao wamekaa kwenye mabenchi kama yale yetu.

Wewe unayelea vijana kanisani, Agosti ikifika, lipitishe boksi. Mkoba uache nyumbani.