Masaa Matatu Kisangani

Ukipanda bato kule Kinshasa, safari ya maji inaishia Kisangani. Mbele yake ni maporomoko ya Boyoma, saba kwa hesabu, na bato haiwezi kupita. Mwaka 2023 nilifika pale. Nahodha alitupatia masaa matatu tu.

Wote tukakimbilia kwa wavuvi Wagenia, na kweli inapendeza. Miti mirefu imesimamishwa kati ya mawe, imefungwa na kamba za msituni, na vikapu vikubwa vinangojea samaki katika maji makali. Hata sisi tuliozoea kushuka mgodini, kupanda pale tungeogopa!

Nikamwambia mama mmoja muuza samaki, sasa nimeona Kisangani. Akacheka kidogo: «Bageni banapiga foto, banaenda. Makaburi je?»

Tukapanda toleka, yeye baiskeli yake, mimi yangu. Akanionyesha makaburi ya vita ya siku sita. Tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na la Uganda walipigana katikati ya mji huu ambao si wao. Mabomu maelfu yakaanguka, raia mamia wakafa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa kule La Haye ilihukumu Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa maovu ya vita ile ya miaka 1998 mpaka 2003.

Mama alikuwa na hesabu yake: watoto wawili.

Honi ya bato ikalia. Majina yao nimeyaandika nyuma ya tiketi.