Niliandika kwamba vitamini haina madhara

Nimekuwa kimya hapa wiki mbili, na leo nimekuja kuungama.

Mwezi uliopita niliandika makala ya afya kwa toleo la Jumapili. Mhariri alitaka maneno 600 kabla ya saa kumi jioni, nami nikamkabidhi saa tisa, kifua mbele. Katikati kulikuwa na sentensi niliyoipenda mno: vitamini ni chakula, si dawa, kwa hiyo hata ukizidisha haikudhuru. Sikumuuliza daktari yeyote. Ilisikika vizuri, ikapita, ikachapwa.

Wiki iliyopita nikaenda Tabata kumwona mdogo wangu. Ana mimba ya miezi mitano. Juu ya friji nikakuta kichupa cha vidonge vya vitamini A, kila kimoja yuniti 25,000. Nikamuuliza nani kamwandikia. Akacheka. "Si wewe, kaka? Nimesoma gazetini."

Usiku ule nikasoma nilichopaswa kusoma kabla ya kuandika.

Mwaka 1933 huko Texas, mtafiti Fred Hale alitoa taarifa ya nguruwe jike aliyelishwa chakula kisicho na vitamini A. Alizaa watoto 11, wote hawana macho. Nguruwe wa aina hiyo walipolishwa vizuri, wakazaa watoto wenye macho yao.

Mpaka hapo nikajipa moyo: unaona, vitamini ni muhimu! Lakini mwaka 1953 daktari Sidney Cohlan wa New York akafanya kinyume. Panya wenye mimba akawapa vitamini A kupita kiasi, na baadhi ya watoto wao wakaumbika ubongo ukiwa nje ya fuvu. Kitu kilekile: kikikosekana kinalemaza, kikizidi kinalemaza.

Utasema panya si watu. Nami nilisema hivyo. Kisha nikafika kwenye isotretinoin, dawa ya chunusi ya jamii ya vitamini A, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1982. Madhara yake kwa wanyama yalijulikana, na onyo kwa wajawazito lilikuwepo. Hata hivyo, baadhi ya wanawake waliitumia wakiwa na mimba, na wakazaliwa watoto wenye kasoro za masikio, moyo na ubongo. Mwaka 1990 Uingereza ikawashauri wajawazito waache hata kula maini, kwa wingi wa vitamini A. Maini haya haya ambayo huku kwetu mjamzito anapikiwa aongeze damu!

Shirika la Afya Duniani linasema mjamzito anayehitaji vidonge hivyo asizidishe yuniti 10,000 kwa siku. Mchicha na karoti havina tatizo hilo, maana mwili hugeuza kiasi unachohitaji tu. Na msikimbie vitamini zote. Utafiti wa mwaka 1991 ulionyesha kwamba asidi ya foliki, ikianza kutumiwa kabla ya mimba, ilipunguza kwa asilimia 72 kasoro za ubongo na uti wa mgongo kwa watoto wa kina mama waliowahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo. Kwa hiyo swali ni vitamini gani, kiasi gani, na mimba ina umri gani.

Asubuhi nikampeleka mdogo wangu kliniki. Daktari akamwachisha vidonge, akamtuliza: alikuwa amemeza vinne tu, na hatari kubwa huwa miezi ya mwanzo, viungo vinapoumbika. Njiani kurudi hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nilimwomba mhariri tusahihishe. Akanipa aya moja, ukurasa wa 14, chini ya matangazo ya viwanja. Mdogo wangu nilikuwa na namba yake ya simu. Wengine waliosoma ile sentensi sina namba zao, na sijui ni wangapi kati yao wana kichupa juu ya friji.