Simu moja, mashine za aina mbili

Aliyekimbia Masisi hadi Goma hungoja kwenye simu yake ya Android ujumbe wa ndugu au wa pesa. Chini kabisa ya simu hiyo kuna kiini cha Linux, programu ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 kwa prosesa ya Intel 386. Simu nyingi zina prosesa nyingine, ARM, lakini sehemu kubwa ya kiini ni ileile.

Shida iko hapo. Upande mmoja wa prosesa huandika ujumbe kwenye kumbukumbu, kisha huweka alama kwamba uko tayari. Kwenye Intel, upande wa pili huviona kwa mpangilio huohuo. Kwenye ARM unaweza kuiona alama kwanza na kusoma ujumbe wa zamani, kama programu haikuamuru mpangilio. Tena si kila mara, na ndiyo maana kosa hili huchosha watu.

QEMU, programu ya bure iliyoanzishwa na Fabrice Bellard, huiga prosesa na inasaidia sana. Lakini ikiiga ARM juu ya kompyuta ya Intel, mpangilio wa Intel hubaki chini yake, na kosa hujificha. Kwa kosa la namna hiyo mpimaji anahitaji ARM yenyewe mezani, ifanyishwe kazi kwa saa nyingi.