Batri ilinipasukia usoni

Jioni moja hapa Lulimba niliwasha kiberiti nitazame maji ya batri iliyoshinda kwenye sola. Ikapasuka. Mke wangu alinimwagia maji machoni karibu nusu saa. Ndiyo maana bado naona.

Batri ikijaa, umeme unayagawanya maji yake kuwa hidrojeni na oksijeni. Ni hewa ileile ambayo mafundi wengine huitengeneza kwa makusudi, wachomelee vyuma. Hidrojeni haina harufu, na ikifika asilimia 4 ya hewa ya chumba, cheche moja inatosha.

Ndugu zetu waliokimbia vita, tunaolala nao, walikataa batri ikae nje: wezi! Tukaifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza.