Kutoka Akheri hadi Makongoro: milioni 20 za Mwalimu

Jumamosi, kabla umande haujakauka kwenye migomba ya Akheri, barabara ya kushukia Tengeru huwa imekwishajaa. Wanawake wana mikungu ya ndizi mshare kichwani, bodaboda zimefungwa magunia ya maparachichi, na nyuma yao Mlima Meru uko wazi mpaka kileleni kwa saa moja au mbili kabla mawingu hayajaufunika. Siku ya soko, anayeshuka mikono mitupu hutazamwa mara mbili.

Mwalimu alitazamwa. Ni mama wa miaka 60, amefundisha hesabu shule za msingi tangu mwaka 1986, na kijiji kizima humwita hivyo hivyo, Mwalimu. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na karatasi moja tu ya benki. Ilionyesha shilingi milioni 20, kilichosalia katika kiinua mgongo baada ya kuezeka nyumba upya na kumlipia kitinda mimba ada ya chuo. Fedha hizo zilikuwa na miezi minne kwenye akaunti, na kila aliyempa shikamoo njiani alionekana kama anajua.

Mdogo wake anauza nyanya na vitunguu pale Tengeru, sehemu ya chini ya soko ambako matenga hupangwa mpaka usawa wa bega. Biashara yake haina siri. Ananunua kwa wakulima saa kumi alfajiri, anauza mpaka jioni, kinachobaki anakigawa kati ya kile cha kesho na kile cha kutupa. Wakati mwingine malori ya kuelekea Namanga hufagia soko zima na bei hupanda kabla ya saa nne. Wiki nyingine hayaji, na nyanya hazijui kusubiri.

"Dada, hiyo asilimia 12 ya serikali kwa mwaka, mimi naipata kwa wiki ikiwa nzuri," alimwambia.

"Na wiki ikiwa mbaya?"

Hapo ndipo karatasi ya benki ilipogeuzwa upande wa pili na hesabu ikaanza. Ushuru, nauli, matenga, mbebaji, chai, nyanya zilizooza. Faida ilikuwepo, tena nzuri. Kilichokosekana kwenye orodha ni mshahara wa mwenye meza. Mwanamke anayeamka saa tisa usiku siku sita kwa wiki hakuwa amejiandikia hata shilingi. Hili ni kosa la biashara nyingi ndogo: kinachoitwa faida ya mtaji huwa kwa sehemu kubwa ni ujira wa mtu asiyelala. Mtaji ule ule ukikabidhiwa mstaafu mwenye magoti mabovu hauzai kiasi kile.

Watu wa mlima huu hawakuanza leo kuumizwa na bei inayopangwa mbali. Kahawa ya Meru ilisomesha kizazi cha Mwalimu, na ilikuwa inauzwa mnadani Moshi kwa bei iliyofuata soko la New York. Mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka, na wakulima wengi wakaanza kupunguza mibuni na kupanda migomba na mboga. Wazee hudai kwamba ardhi peke yake ndiyo haidanganyi. Lakini wazee hao hao ndio wana wa walioondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951, wakachangishana mpaka wakampeleka Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata kulalamika. Ardhi nayo iliwahi kuchukuliwa.

Jumatatu Mwalimu alipanda Hiace kwenda mjini. Kutoka Tengeru ni mwendo mfupi, ila konda hachoki kuongeza abiria, kwa hiyo kulikuwa na muda wa kusikiliza ujumbe wa sauti kutoka Muscat. Binti yake mkubwa anafanya kazi huko. Ushauri wake ulikuwa mmoja: "Mama, badilisha zote ziwe dola, tulia."

Ni rahisi kuelewa kwa nini anafikiri hivyo. Mwaka 1986, rial ya Oman ilifungwa kwenye kiwango cha dola 2.60 na haijasogea mpaka leo. Mwaka huo huo Mwalimu alipewa darasa lake la kwanza, na shilingi ilishushwa kutoka takribani 17 kwa dola hadi 40. Miaka ishirini kabla yake, shilingi ya Tanzania ilipozaliwa, dola ilikuwa shilingi saba na senti kidogo. Sasa ni takribani 2,500. Mwalimu anakumbuka kitabu chake cha akiba cha miaka ile, wakati bei za vitu zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya robo kila mwaka. Namba kitabuni ziliongezeka. Baiskeli aliyokuwa akiiwekea akiba ilizidi kumkimbia.

Lakini Arusha ni mji uliojifunza pia ubaya wa dola. Zamani, kuanzia Mnara wa Saa mpaka Barabara ya Sokoine, maduka ya kubadilishia fedha yalikuwa kila baada ya hatua chache. Novemba 2018 Benki Kuu iliyakagua kwa ghafla, ikisaidiwa na wanajeshi, na mengi hayakufunguliwa tena. Mwaka 2023 dola zikawa adimu kiasi kwamba waagizaji wa bidhaa walizisubiri. Mwaka 2024 kiwango kikapita shilingi 2,700, watu wakakimbilia kununua, kisha kabla mwaka haujaisha dola ikarudi karibu 2,400. Aliyenunua kileleni alipoteza zaidi ya shilingi 10 katika kila 100 kwa miezi michache, bila kufanya biashara yoyote. Na tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei na malipo ya ndani ya nchi kuwa kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa mambo machache. Dola chini ya godoro haizai riba, na mama wa Akheri hanunui sukari kwa dola.

Hapo kuna swali ambalo binti wa Muscat hakuliuliza. Maisha ya Mwalimu yanalipiwa kwa fedha gani? Ndizi, maziwa, mchango wa msiba, sadaka, vyote ni shilingi. Dawa zake za presha, mafuta yanayoendesha Hiace na mbolea ya migomba hufuata dola kwa nyuma, taratibu. Kwake hatari kubwa ni bei za sokoni Tengeru kuikimbia riba. Ubao wa viwango vya fedha uko mbali kidogo na jiko lake. Kwa mtu mwenye mtoto anayesoma nje ya nchi, jibu lingekuwa jingine.

Mwanawe wa kiume alimsubiri karibu na Mnara wa Saa. Ni kijana wa miaka 29, amebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro na Meru tangu amalize shule, sasa ni msaidizi wa kiongozi wa msafara. Yeye ana mpango wake: duka la kukodisha vifaa vya mlimani, yaani mahema, mifuko ya kulalia, majaketi, buti na fimbo. Wageni wengi hufika bila vifaa kamili, na kampuni ndogo za utalii hukodi badala ya kununua. Aliomba milioni 15.

Mpango si wa kubahatisha, maana kijana anaijua kazi. Anajua pia kwamba masika yakianza vitanda vya wageni hubaki vitupu. Alichokuwa hapendi kukitaja ni mwaka 2020. Watalii zaidi ya milioni 1.5 walioingia nchini mwaka 2019 walishuka mpaka kama 620,000. Magari ya safari yalilala uani, na wapagazi wakarudi mashambani kwa wazazi. Mwaka 2024 wageni walipita milioni mbili, kwa hiyo soko limerudi na zaidi. Ila mshahara wa Mwalimu ndio uliolisha nyumba ile mwaka 2020, na mshahara huo haupo tena.

Wakatembea pamoja hadi Barabara ya Makongoro. Barabara hii ina jumba la makumbusho la Azimio la Arusha, lile la 1967 lililowakataza viongozi kuwa na hisa au kupangisha nyumba, na lililofuatiwa ndani ya siku chache na kutaifishwa kwa mabenki. Barabara hiyo hiyo ina tawi la Benki Kuu, ambako siku hizi mwananchi hujifunza namna ya kuikopesha serikali apate riba. Watoto wa shule hupita katikati ya hayo mawili wakila miwa.

Alichoelezwa Mwalimu kinaweza kumfaa kila mwenye kiinua mgongo mkononi. Dhamana za muda mfupi huiva ndani ya mwaka mmoja. Hatifungani ni za miaka kuanzia miwili hadi 25. Mtu huanza na shilingi milioni moja tu. Hanunui dirishani Benki Kuu. Hufungua akaunti ya CDS kupitia benki ya kawaida au dalali mwenye leseni wa soko la hisa, na ombi lake huingia kwenye mnada, ambao kwa kawaida hufanyika Jumatano. Riba hulipwa mara mbili kwa mwaka, na mtaji wote hurudi mwishoni. Mwenye dhamana akifariki, dhamana hurithiwa kama mali nyingine.

Kisha zikaja namba, na namba ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza mwaka 2021 ililipa asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka 2022 ikashushwa hadi 12.56. Kwa milioni 20, ya kwanza hutoa shilingi 1,595,000 kila miezi sita, ya pili 1,256,000. Walimu wawili waliostaafu kwa kupishana mwaka mmoja, wenye kiinua mgongo sawa, wamepishana kipato mpaka uzeeni kwa sababu ya tarehe tu.

Na si hivyo tu. Ukihitaji fedha kabla ya muda, unauza Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa bei ya siku hiyo. Kama dhamana mpya zinalipa 15.95 na wewe umeshika ya 12.56, mnunuzi atataka kulipa kama shilingi 79 kwa kila 100 zako. Hii ndiyo hasara inayowashangaza walioambiwa kwamba dhamana ya serikali haina hatari. Halafu kuna hatari ya kimya kimya: bei zikipanda kwa asilimia nne tu kila mwaka, milioni 20 zitakazorudi baada ya miaka 25 zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa milioni saba na nusu. Mwalimu atakuwa na miaka 85.

Serikali nazo huteleza. Ghana, mwishoni mwa 2022, iliwataka waliokuwa wameikopesha ndani ya nchi wabadilishe dhamana zao kwa nyingine zenye riba ndogo na muda mrefu zaidi. Wastaafu walikwenda kukaa nje ya Wizara ya Fedha jijini Accra na mabango yao mpaka waachwe nje ya mpango huo. Tanzania haijafika huko. Hata hivyo, ukilinganisha na waliopanda mbegu DECI kabla haijazimwa mwaka 2009, mstaafu wa Accra alikuwa na mlango wa kugonga.

Walikaa kwenye mgahawa mdogo, chai na chapati. Kijana alisikiliza hesabu zote, kisha akauliza kile alichokuwa nacho moyoni tangu asubuhi.

"Kwa hiyo Mama, unaiamini serikali kuliko mimi?"

Mama alichelewa kujibu. "Serikali sikuizaa, mwanangu. Ikishindwa kunilipa nitaidai mchana kweupe, na nikilala nitalala. Wewe ukishindwa nitakudai vipi? Utakuja Krismasi unakwepa macho yangu, na mimi nitajifanya sikuoni unavyokwepa."

Hakuna mnada unaoweza kuipangia bei hatari hiyo. Familia nyingi za Meru zimegawanyika kwa mkopo ambao haukuandikwa popote, na wengi wa wakopaji hawakuwa wezi. Walipatwa na mwaka mbaya tu, wakaona aibu, wakaacha kupiga simu.

Uamuzi ulichukua wiki mbili zaidi. Milioni 14 ziliingia kwenye hatifungani ya miaka 10. Ile ya 25 Mwalimu aliiacha, ingawa riba yake ilikuwa kubwa zaidi, kwa maelezo kwamba anataka kuzipokea mwenyewe. Milioni mbili zilibaki benki kwa ajili ya ugonjwa. Binti wa Muscat aliambiwa zile dola anazotuma aziweke huko huko kwa jina lake. Kijana alipata milioni nne badala ya 15, kwa maandishi, mama mdogo wa Tengeru akiwa shahidi. Ataanza kurejesha baada ya msimu wa kwanza wa wageni, masika hadaiwi, na kukitokea mwaka kama ule wa 2020 deni linasimama bila maneno. Sharti la mwisho aliliandika Mwalimu kwa mkono: katika daftari la duka, kijana ajiandikie mshahara wake kila mwezi, hata kama ni mdogo.

Milioni nne hazitoshi vifaa vipya. Kwa hiyo Alhamisi iliyofuata kijana alikuwa Kilombero kwenye mitumba, amepiga magoti mbele ya rundo la mifuko ya kulalia, akifungua na kufunga zipu za kila mmoja. Ya tatu ilikwama katikati. Akaurudisha mfuko ule, akachukua mwingine, na kumuuliza muuzaji bei.