Jumatatu Ambayo Benki Haikufunguliwa



Mimi ni mama wa Goma, mashariki mwa Kongo, nauza nguo za watoto mtaa wa Birere. Nimekubali kuandika haya kwa sababu najua yupo mtu atakayesoma akiwa mbali na kwao, simu mkononi, anapiga na haipokewi. Nilikuwa mtu huyo. Vita vilipoingia Goma mimi nilikuwa Guangzhou, kusini mwa China, eneo la Liuhua. Nitaeleza kwa mpangilio kadiri nitakavyoweza. Nikisita, univumilie.

Liuhua anaijua kila anayefuata nguo China. Iko ubavuni mwa stesheni ya reli ya Guangzhou. Hapo ndipo lilipo jengo la Baima, ghorofa juu ya ghorofa za vibanda, na soko la Liuhua lenyewe, na barabara ya Zhanxi wanakouza saa na viatu. Maonyesho makubwa ya biashara ya Canton yalikuwa yanafanyika hapo hapo Liuhua kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Pazhou mwaka 2008. Soko linaamka mapema. Mikokoteni inakupita miguuni, selotepu zinavutwa kila kibanda, na muuzaji asiyejua neno la lugha yako anaandika bei kwenye kalkuleta na kukusukumia. Wewe unafuta, unaandika yako, unamrudishia. Ukielewana naye unatoa arbuni, kama theluthi hivi, mzigo unatengenezwa, na salio unalipa siku ya kuuchukua.

Nilikwenda mapema Januari 2025 ili nimalize kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina, maana sikukuu ile ikifika viwanda vinafungwa na wafanyakazi wote wanarudi kwao mikoani. Nilibeba dola za arbuni na za kula. Salio lilikuwa Goma, benki, kwenye akaunti yangu. Ndani yake ilikuwamo zamu yangu ya likelemba, tunayochanga sisi akina mama wa soko. Pesa yangu ilikuwa pia na jasho la wenzangu.

Mji wa Minova ulianguka mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 21 Januari. Nikampigia baba watoto, akasema tulia, mji wa Sake bado umeshikwa na jeshi letu. Siku mbili tatu baadaye Sake nayo ikawa habari, na gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Jenerali Peter Cirimwami, alikuwa ameuawa karibu na mstari wa mbele. Watu wa kambi za wakimbizi za Lushagala na Bulengo walianza kuingia mjini na magodoro kichwani. Jumapili nilizungumza na baba watoto. Sauti yake ilikuwa ya kawaida mno. Akaniambia: "Kesho Jumatatu, asubuhi na mapema, nitakwenda benki nikutumie salio. Lala."

Jumatatu hiyo ilikuwa tarehe 27 Januari. M23 waliingia Goma, na wanajeshi wa Rwanda pamoja nao, kama Umoja wa Mataifa ulivyosema. Benki haikufunguliwa. Hadi leo ninapoandika, pesa zile sijaziona.

Sasa nifike pale panaponiuma.

China WhatsApp haifunguki bila VPN, kwa hiyo nyumbani nilikuwa nimewawekea WeChat kwenye simu ya binti yangu mkubwa. WeChat haikuonyeshi kama ujumbe umesomwa. Unatuma, na unabaki unatazama maneno yako mwenyewe. Goma umeme ulikatika. Maji yalikatika. Intaneti ikafuata. Kwao saa nane za usiku, kwangu saa mbili asubuhi. Nilituma: "Mko wapi?" Nikatuma tena. Sikupata kitu.

Mara ikaingia sauti ya binti yangu. Fupi. Alikuwa ananong'ona. "Mama, tuko chini ya kitanda. Baba yupo mlangoni. Wanapiga." Nyuma yake nilisikia ule mlio. Kisha ikakatika.

Nikairudia. Nikairudia. Sikulia. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, kana kwamba na mimi kuna mtu nje anayetaka kuingia.

Kesho yake ilikuwa mkesha wa sikukuu yao. Mtaa wote umefungwa. Mabati ya vibanda chini. Stesheni imejaa watu wenye masanduku na mifuko ya zawadi, kila mmoja anakwenda kwao. Mimi nikasimama katikati yao. Nilitaka kwenda kwetu. Hakuna pa kwenda. Uwanja wa ndege wa Goma umefungwa. Mpaka wa Rwanda, kule Gisenyi, umefungwa. Mabomu yanadondoka mjini. Nilijaribu kusali. Nilifika "Baba yetu uliye mbinguni" nikakwama hapo. Sikuweza kuendelea mbele. Ninakuambia hili kwa sababu labda na wewe umekwama, na unadhani Mungu amekuacha kwa kuwa maneno hayaji.

Nilipata habari ya nyumbani pale mtandao uliporudi kidogo. Baba watoto mzima. Watoto wazima. Mdogo wangu wa kiume alipigwa risasi ya paja akitafuta maji. Walimfikisha hospitali ya Ndosho, ambako madaktari wa Msalaba Mwekundu walikuwa wanapasua usiku na mchana, na wagonjwa wamelala hadi kwenye korido. Aliishi. Duka langu Birere lilivunjwa, wakachukua kila kitu, hadi henga za nguo. Siwezi kusema nani, maana siku zile aliyekuwa na bunduki alipora na asiyekuwa nayo alipora. Na tulikuwa wenye bahati. Umoja wa Mataifa ulitaja miili karibu 2,900 katika mji ule mmoja.

Basi nilikuwa hai, watu wangu hai, na sina senti. Watu wengi wanadhani vita vikinyamaza shida imekwisha. Bunduki zilinyamaza Goma kabla Februari haijafika mbali, lakini benki hazikufunguliwa. Tawi la Benki Kuu lilifungwa, noti mpya hazikuingia tena, na bila noti benki zote za mji zilifunga milango. Pesa ya mtu ikawa kama samaki unayemwona chini ya maji maangavu ya ziwa Kivu na huna wavu. Aliyekuwa na dola kwenye simu alizunguka kutafuta wakala mwenye noti, na akimpata, anakatwa kamisheni ya kutisha. Mshahara wa mwalimu, pensheni ya mzee, ada ya mtoto, vyote vilikwama mle. Watu walianza kuvuka kwenda Gisenyi kuchukua pesa zao upande wa pili wa mpaka. Fikiria hilo: unavuka kwenda nchi ambayo askari wake wako mjini kwako, ili utoe akiba yako mwenyewe ununue unga.

Hotelini nikahesabu kilichobaki, nikaanza kula tambi za kuchemsha mara moja kwa siku. Viza yangu ilikuwa inaelekea mwisho, na China ukizidisha siku unatozwa yuan 500 kwa kila siku, hadi 10,000. Nilikwenda ofisi ya uhamiaji nikiwa natetemeka, nikaeleza, nikaongezewa muda. Mungu awabariki.

Wifi yangu aliyeko Kigali ndiye aliyefungua njia ya kwanza. Alinitumia alichonacho, na zaidi ya hapo akawa anavusha pesa kidogo kidogo kwa mkono hadi kwa watoto, baada ya mpaka wa Gisenyi kufunguliwa. Kisha Jumapili nikaenda kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, lile la mawe lililoko barabara ya Yide. Jumapili alasiri kuna misa ya Kiingereza na Waafrika ni wengi. Sikielewi Kiingereza vizuri. Nilikwenda kukaa karibu na watu. Misa ilipokwisha mama mmoja wa Kinshasa akaniuliza kwa Kilingala natoka wapi. Nikasema Goma. Hakuuliza kingine. Alinishika mkono akanipeleka mtaa wa Xiaobei, kwenye chumba walichopanga wanawake kadhaa, wakanipikia fufu na sombe. Nilikula nikalia kwa mara ya kwanza. Nikalala kwao, nikatoka hotelini.

Sherehe za taa zilikuwa tarehe 12 Februari, na baada ya hapo Liuhua ikaamka. Nikaenda kwa muuza nguo wangu, mwanamke wa Hunan, nikijua anaweza kusema arbuni imeliwa, ndiyo sheria ya soko. Nikamwandikia kwenye simu ili itafsiri: nchi yangu ina vita, benki imefungwa. Alisoma taratibu. Akaandika jibu, simu ikalisema kwa Kifaransa: anaelewa, maana ana wateja wa Urusi, pesa zao zinatoka kwao na baada ya wiki zinarudishwa, benki za China zinaogopa vikwazo vya Marekani, na wao ni watu wa kununua makoti tu. Kisha akatoa mifuko, akanihesabia nguo zenye thamani ya arbuni yangu yote, akaniambia nichukue hizo, tusahau salio. Hakuwa na wajibu huo.

Nilidhani nimeshavuka. Tarehe 20 Februari Marekani ikamwekea vikwazo James Kabarebe, waziri wa Rwanda, pamoja na msemaji wa M23, Lawrence Kanyuka. Machi 17 Umoja wa Ulaya ukaongeza majina mengine, na kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Gasabo kule Kigali. Mimi si mwanasiasa, na sikuwahurumia. Aliyewasha moto aulizwe. Ila nitasema nilichokiona kwa macho yangu. Wakala mmoja wa kutuma pesa aliniomba anwani ya mpokeaji. Nikasema Goma. Akafunga daftari. Hakutaka hata kusikia kwamba mpokeaji ni mtoto wa miaka kumi na sita. Orodha ilikuwa na majina ya watu wachache, lakini kwa mtu aliye dirishani, aliyeogopa kupoteza leseni yake, mji mzima ulikuwa kwenye orodha.

Nilipomweleza mama yangu kwa simu, alicheka kicheko kikavu. Yeye ni mtu wa Uvira, aliuza vitenge Bujumbura. Mwaka 1996 Buyoya alipotwaa madaraka, nchi jirani ziliifungia Burundi biashara, na vikwazo vile havikuondolewa hadi Januari 1999. Akasema: "Mwanangu, petroli ilipanda, chumvi ilipanda, sisi tukalala njaa. Buyoya sikusikia amekosa sukari." Kisha akaniombea palepale, kwa sauti kubwa, dakika nyingi, mpaka salio la simu likaisha.

Mzigo niliupata, njia ya kuupeleka Goma sikuwa nayo. Hapo Mungu alimtumia mama wa Kariakoo. Tulikutana Baima, alinisikia nikijibizana kwa Kiswahili na Mkongo mwenzangu. Alikuwa anajaza kontena la kwenda Dar es Salaam kupitia bandari ya Nansha. Aliniambia weka mifuko yako humu, nitaiuza dukani kwangu pamoja na yangu, utanilipa usafiri nguo zikiuzwa. Nikamwambia, dada, hunijui. Akajibu, "Nina watoto." Hakuongeza neno.

Nilirudi kupitia Kigali, kwa tiketi niliyokuwa nayo iliyobadilishwa tarehe. Gisenyi nilivuka kwa miguu kwenye kizuizi kidogo, nikiwa na begi moja. Askari wa upande wa pili walikuwa wageni, sare ngeni. Baba watoto alikuwa amesimama pale. Alikuwa amekonda. Binti yangu hakunikumbatia mara moja. Alinitazama kwanza, kama anayehakiki.

Nguo ziliuzwa Kariakoo. Mama yule alinitumia pesa kupitia kwa wifi, kwa awamu, na kila awamu akiniandikia hesabu yake hadi gharama ya mfuko wa kufungia. Kwa hizo nikafungua meza, siyo duka, meza. Wenzangu wa likelemba walikaa wakaamua deni langu lisubiri benki. Aprili waliotwaa mji walifungua tena CADECO, benki ya akiba ya zamani, lakini pesa zetu hazikuwa mle. Mdogo wangu anatembea kwa kuchechemea, na anaimba kwaya.

Mimi bado sijapona kabisa. Binti yangu akichelewa kujibu simu, mikono inaniwia baridi. Dola sipeleki popote, naziweka mahali nisipopataja hapa. Na lile neno "Jumatatu" baba watoto halisemi tena kwa ahadi; anasema "keshokutwa," au anasema hajui.

Kama wewe unayesoma uko Guangzhou sasa, na ni Goma, au Bukavu, au Khartoum, au kwingine kunakowaka, na viza inakimbia, usikae chumbani peke yako na ile simu. Nenda Yide Jumapili alasiri. Kama wewe ni Mwislamu, msikiti wa Xianxian hauko mbali na Liuhua, pale penye kaburi linaloheshimiwa kama la swahaba Saad bin Abi Waqqas, na Ijumaa panajaa watu wa kwetu. Simama nje wanapotoka. Sema unatoka wapi. Watakuuliza umekula nini.